KIHARUSI: MGUU HUFUNZWA UPYA KUTEMBEA

Miguu ndiyo mali ya kwanza ya mtu aishiye mpakani. Huko Busia, mji uliogawanywa na mpaka wa Uganda na Kenya, watu huvuka asubuhi na kurejea jioni, huyu na kikapu cha samaki, yule na gunia la mahindi, mwingine na mtoto mgongoni akimpeleka kwa tabibu. Ni katika mji huo ndipo zilipoanza, katika miaka ya 1960, zile baiskeli za abiria zilizoitwa boda boda kwa kuwa zilichukua watu toka boda moja hadi boda nyingine. Tororo nayo, mji uliojibanza chini ya jabali lake linaloonekana toka mbali, ina watu wa kiwanda cha saruji, watu wa reli, wakulima wa mihogo na mtama, na askari wa kambi ya Rubongi pamoja na jamaa zao. Wote hao hula kwa miguu yao.

Kiharusi huipokonya mali hiyo kwa muda wa dakika chache. Mtu aliyelala usiku akiwa mzima huamka alfajiri akakuta mkono na mguu wa upande mmoja havimtii, mdomo umekwenda upande, na maneno hayatoki sawasawa. Jamaa humkimbiza hospitali. Mungu akijalia, uhai wake huokoka, na baada ya siku kadhaa hurudishwa nyumbani. Hapo ndipo shauri kubwa linapoanza, nalo haliamuliwi na daktari bali na watu wa nyumbani: je, mgonjwa huyu atandikiwe kitanda apumzike, au asaidiwe kusimama?

Katika nyumba nyingi hutandikwa kitanda. Hufanywa hivyo kwa mapenzi na heshima, hasa ikiwa mgonjwa ni mzee aliyewatumikia watu miaka mingi. Lakini mapenzi ya namna hiyo humpokonya mzee miguu yake mara ya pili. Kiungo kisichotumiwa hukakamaa, misuli hunyauka, mgongo na matako hutoka vidonda vya kulalia, na damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu. Baada ya miezi michache, mtu ambaye angeweza kutembea kwa mkongojo huwa mtu wa kubebwa hadi mwisho wa maisha yake.

NINI HUTOKEA KICHWANI

Yafaa kwanza ifahamike kuwa mguu wenyewe haukuugua. Mfupa wake ni mzima, misuli yake ni mizima. Kilichoumia ni ubongo unaoupa mguu amri. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa kichwani unapozibwa na damu iliyoganda, au unapopasuka na kumwaga damu ndani ya ubongo. Sehemu iliyokosa damu hufa. Na kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo hutawala upande wa kushoto wa mwili, na wa kushoto hutawala wa kulia, aliyeumia ubongo upande mmoja hulegea upande wa pili.

Adui mkubwa aletaye haya ni shinikizo la damu, lijulikanalo na wengi kwa jina la presha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Uganda mwaka 2014, na ule wa Kenya wa mwaka 2015, ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakujua. Katika Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006 katika wilaya ya Hai na jiji la Dar es Salaam ulithibitisha kuwa kiharusi si maradhi ya matajiri wala ya Ulaya peke yake. Kipo vijijini, na mjini kimezidi.

Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Hata hivyo ubongo una hekima yake. Sehemu zilizosalia huweza kujifunza kazi iliyokuwa ikifanywa na ile iliyokufa, kwa sharti moja tu: zifundishwe kwa kurudia rudia. Hili si jambo geni kwa askari. Kuruta anapofika chuoni hajui kwata. Akiambiwa ageuke kulia hugeuka kushoto. Akiambiwa mguu sawa, mguu wake hauko sawa. Mkufunzi hamwachi alale mpaka ajue. Humrudisha uwanjani asubuhi na jioni, hatua zile zile, hesabu ile ile, mpaka siku moja mwili unaitika amri bila kufikiri. Mgonjwa wa kiharusi ni kuruta wa pili. Uwanja wake ni ua wa nyumba, na mkufunzi wake ni mtaalamu wa tiba ya viungo akisaidiwa na watu wa nyumbani.

Ushahidi wa jambo hili uko wazi. Mjini Copenhagen, katika nchi ya Denmark, madaktari waliwafuatilia wagonjwa 804 wa kiharusi na kutangaza matokeo mwaka 1995. Walipofikishwa hospitali, wagonjwa 51 katika kila 100 hawakuweza kutembea kabisa. Matibabu na mazoezi yalipokwisha, 50 katika kila 100 walikuwa wakitembea wenyewe, 11 walitembea kwa kushikwa, 18 hawakuweza kutembea, na 21 walikuwa wamefariki. Jambo la kutiliwa mkazo ni hili: karibu wote, yaani 95 katika kila 100, walifikia upeo wa kutembea kwao katika majuma 11 ya kwanza. Majuma hayo ndiyo msimu wa kupanda. Anayeyapoteza kitandani amepoteza mvua.

SI LAZIMA MASHINE

Wako wasemao kuwa tiba ya viungo ni ya watu wa Kampala na Nairobi, wenye mashine za kutembelea na vyumba vya vioo. Neno hilo lilijibiwa huko huko kwenye mashine. Katika Marekani wagonjwa 408 waligawanywa katika makundi. Baadhi yao walifunzwa kutembea juu ya mkanda wa mashine huku mwili ukiwa umeninginizwa kwa kamba za kuupunguzia uzito, na wengine walifanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara majumbani mwao, wakiongozwa na mtaalamu aliyewatembelea. Kila mmoja alipangiwa vipindi 36 vya dakika 90 kwa muda wa miezi mitatu hadi minne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya mwaka mmoja tangu kuugua, wagonjwa 52 katika kila 100 walikuwa wamepanda daraja katika kutembea, na wale wa nyumbani hawakushindwa na wale wa mashine. Hata wale wa mashine ambao hawakuanza ila baada ya miezi sita walisonga mbele. Kwa hiyo aliyechelewa naye asikate tamaa.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa mtaalamu hana haja. Katika India, hospitali 14 ziliwashirikisha wagonjwa 1,250, na jamaa za baadhi yao wakafundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa wagonjwa hao hawakupata nafuu zaidi ya wale waliopata matibabu ya kawaida. Fundisho ni kwamba jamaa ni msaidizi wa mtaalamu, wala si badala yake. Mtaalamu hupima, hupanga zoezi, na hulibadilisha mgonjwa anapoendelea. Jamaa hulitimiza zoezi hilo kila siku katika siku zile ambazo mtaalamu hayupo. Mmoja bila mwenziwe ni mkono mmoja upigao makofi.

SIKU ZA KWANZA

Haraka nayo ina mipaka yake. Uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa kumwinua mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya daktari na muuguzi. Presha ipimwe, na mgonjwa ajaribiwe kama aweza kumeza kabla ya kupewa uji au chai, maana chakula kikiingia katika njia ya pumzi huleta homa ya mapafu.

Katika muda huo kazi ya jamaa ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, na kumlaza vizuri. Mkono uliolegea uwekwe juu ya mto, usining'inie. Kisha, daktari akiridhia, mgonjwa aketishwe kwa muda mfupi mfupi, mara kadhaa kwa siku, miguu yote miwili ikikanyaga sakafu.

Jambo moja likatazwe kabisa katika kila nyumba: mgonjwa asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliolegea, wala kwa kuingizwa mikono kwapani na kunyanyuliwa juu. Misuli iliyokuwa ikilishika bega imelala, na bega huteguka kwa urahisi. Maumivu ya bega hilo huweza kudumu miezi mingi, na mgonjwa mwenye maumivu hakubali mazoezi.

KUKETI, KISHA KUSIMAMA

Mwenye kutaka kutembea huanza kwa kuketi. Mgonjwa na aketi penye kiti kigumu kisichotikisika, bila kuegemea. Mbele yake pawekwe kitu anachokipenda, kikombe au redio, naye anyooshe mkono mzima kukifikia, kwanza mbele, kisha upande mzima, kisha upande uliolegea, na kurudi katikati bila kuanguka. Zoezi hili laonekana la kitoto, lakini ndilo linalomfundisha kiwiliwili chake kusimama imara bila kuyumba, na bila hilo hatua haiwezekani.

Baada ya hapo ni kuinuka kitini. Kiti kiegemezwe ukutani ili kisirudi nyuma. Mgonjwa asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma kidogo chini ya magoti, kisha ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume kwa miguu yote miwili. Wengi hushindwa kwa sababu hujaribu kunyanyuka wakiwa wameegemea nyuma, au huuachia mguu mzima kazi yote. Muuguzaji aketi au apige goti upande uliolegea, aweke kiganja juu ya goti la upande huo, na kuhimiza uzito ushuke hapo. Kiti kikiwa kirefu kazi huwa nyepesi. Nguvu zikizidi, kiti kirefu kibadilishwe kwa kifupi.

Mara ngapi? Hapa ndipo kwata inapokumbukwa. Mara tatu kwa siku moja haitoshi. Mtaalamu akisema mara kumi asubuhi, kumi adhuhuri na kumi jioni, iwe hivyo, Jumapili na Ijumaa pia. Kila mlo uwe sababu ya kuinuka, na kila salamu ya mgeni iwe sababu ya kusimama.

Akisha kusimama, na asimame mbele ya meza nzito au ukuta, kiti kikiwa nyuma yake. Auhamishe uzito toka mguu hadi mguu, polepole, kama mtu apimaye mizigo miwili. Kisha auinue mguu mzima kidogo, ili ule dhaifu ubebe mwili. Wagonjwa wengi huuchukia mguu huo dhaifu na kuukimbia, na kila siku wanayoukimbia ndivyo unavyozidi kusahau kazi yake.

HATUA YA KWANZA

Kutembea kukianza, msaidizi asimame upande uliolegea, nyuma kidogo, wala si mbele. Kiunoni mwa mgonjwa pafungwe kitu madhubuti cha kushika. Katika nyumba ya askari, mkanda mpana wa sare wafaa sana. Katika nyumba nyingine, kanga iliyokunjwa na kufungwa fundo gumu yatosha. Mgonjwa akiyumba, msaidizi hushika mkanda huo, wala hashiki mkono.

Mkongojo hushikwa kwa mkono mzima, yaani upande wa pili wa mguu dhaifu. Wengi hukosea hapa na kuupeleka upande wa ugonjwa. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono, mgonjwa akiwa amesimama na mkono umening'inia. Utaratibu ni mkongojo kwanza, kisha mguu dhaifu, kisha mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu dhaifu hutangulia kushuka. Ikiwa ncha ya mguu huburuta na kukwaa, mtaalamu aulizwe kuhusu kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kuushikilia wayo usining'inie.

Kisha mazoezi yapandishwe cheo. Aliyeweza kutembea sebuleni atembee uani. Aliyeweza mbele atembee kwa upande akishika ukuta. Aliyeweza njia iliyonyooka ajifunze kugeuka, kwa maana wengi huanguka wakati wa kugeuka. Baadaye apite juu ya majani, juu ya kokoto, akiwa anazungumza, akiwa amebeba kikombe. Barabara ya Busia haimngoji mtu amalize kufikiri hatua yake. Malori na pikipiki hupita.

KIPIMO CHA NYUMBANI

Maendeleo yasikadiriwe kwa macho. Yapimwe. Nje ya nyumba papimwe meta 10 mahali tambarare, na alama zitiwe kwa mawe mawili. Mgonjwa aanze kutembea hatua chache kabla ya jiwe la kwanza, na mwenye saa ahesabu sekunde toka jiwe hadi jiwe. Atumiaye zaidi ya sekunde 25 aghalabu huwa ni mtu wa kutembea ndani ya nyumba tu. Aliyeshuka chini ya sekunde 13 aghalabu huweza kwenda sokoni na kurudi. Hesabu hiyo iandikwe kila juma katika lile daftari la shule ambalo wagonjwa wengi wa Uganda hulitumia kuwa kitabu cha matibabu. Mtaalamu atakapoiona ataelewa zaidi kuliko akielezwa nusu saa.

NYUMBA ISIWE MTEGO

Aliyepona nusu huanguka mara nyingi, na kuanguka huvunja nyonga na moyo pia. Mkeka unaoteleza uondolewe njiani. Madumu ya maji, vigoda na majembe viwekwe kando. Kandambili zisivaliwe, kiatu kiwe na kishikio cha nyuma na soli isiyoteleza. Msimu wa mvua, udongo mwekundu wa njia ya chooni ufunikwe kwa changarawe, na kamba nene au mti uliochongwa vyema ufungwe toka nguzo hadi nguzo uwe wa kushika.

Choo chenyewe ni mtihani. Kuchuchumaa juu ya shimo ni kazi ngumu kwa mguu uliolegea. Seremala aweza kutengeneza kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya shimo, na mti wa kushika ukapigiliwa ukutani. Ni kazi ya siku moja, na yaweza kumkinga mzee asianguke.

Usiku una hatari yake ya peke yake. Mzee aliyewahi kuamrisha kikosi hapendi kumwamsha mkewe amsindikize chooni. Huinuka kimya gizani, na kishindo kikisikika huwa amekwisha kuanguka. Mzee kama huyo na aelezwe kwa heshima kuwa hata kamanda hatoki bila mlinzi. Taa au kurunzi iwekwe karibu na mkono wake mzima, pamoja na kopo la haja ndogo na kengele.

YALIYO MABAYA

Jina lenyewe kiharusi tangu zamani lilihusishwa na upepo mbaya na mambo ya pepo, na hata leo wako jamaa wanaopoteza majuma yale 11 wakizunguka kwa waganga. Sala na dua hazimkatazi mtu kufanya mazoezi. Zifanywe zote mbili. Lakini yako mambo yanayodhuru. Maji ya moto au mawe ya moto yasiwekwe juu ya kiungo kilichokufa ganzi, kwani mgonjwa huungua bila kuhisi. Mkono usivutwe juu kwa kamba iliyopitishwa kwenye boriti. Kukanda kwa mafuta hakuna ubaya kukiwa kwa upole, ila kusidhaniwe kuwa ni badala ya mazoezi: akandwaye hulala, na ubongo haujifunzi kitu mtu akilala.

Mazoezi nayo yasimamishwe na tabibu atafutwe ikiwa mgonjwa ana maumivu ya kifua, pumzi inamkatika, kizunguzungu kikali, au ndama ya mguu mmoja imevimba, ina joto na inauma. Uso ukipinda upya, mkono ukianguka upya au maneno yakivurugika tena, hicho ni kiharusi kingine, na hospitali ifikiwe saa ile ile.

Dawa za presha zisiachwe kwa sababu mgonjwa anajisikia mzima. Aspirini isinunuliwe dukani bila ushauri, maana humfaa yule ambaye mshipa wake uliziba, na yule ambaye mshipa wake ulipasuka huweza kumdhuru.

NJIA NA GHARAMA

Kinachowashinda wengi si uvivu bali ni nauli. Toka kijijini hadi mjini ni boda boda, na mgonjwa wa kiharusi hapandi pikipiki peke yake. Hapana budi awe na wa kumshika nyuma, au gari likodiwe. Akienda mara mbili, fedha huisha, na mazoezi huachwa. Dawa ya jambo hili ni kuufanya kila mwendo uzae. Siku ya kutoka hospitali, kabla ya kupanda gari, jamaa waombe waonane na mtaalamu wa tiba ya viungo. Yule atakayemhudumia mgonjwa nyumbani awepo mwenyewe, afanye zoezi mbele ya mtaalamu hadi alipatie, na orodha iandikwe daftarini. Wenye simu waombe ruhusa ya kupiga picha za mazoezi hayo. Kisha iulizwe tarehe ya kurudi.

Kwa upande wa Uganda, ziko Hospitali ya Tororo, Hospitali ya Mtakatifu Anthony na Hospitali ya Masafu, na hospitali kubwa ya rufaa ya eneo hilo ni Mbale. Katika hospitali za serikali malipo ya wagonjwa wa kawaida yalifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Askari na jamaa zao huko Tororo wana hospitali ya kijeshi ya Rubongi. Kwa upande wa Kenya iko Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, na tangu Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa bima, NHIF, umechukuliwa nafasi yake na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye kadi na ahakikishe mapema kuwa amejiandikisha na michango yake iko sawa. Katika kila hospitali jamaa waulize ni siku zipi mtaalamu wa viungo hupatikana, wasije wakapoteza nauli. Na kwa kuwa katika mji huo watu huvuka mpaka kutafuta tabibu aliye karibu, daftari la matibabu na barua ya hospitali ya kwanza visiachwe nyumbani.

ANAYEUGUZA NAYE NI MTU

Katika nyumba nyingi mzigo huu humwangukia mama wa nyumba au binti. Yeye huinua, huosha, hupika, na hulala usingizi wa sungura. Mgongo wake ukiharibika, wagonjwa huwa wawili. Na ajifunze kuinua kwa kukunja magoti, sio kwa kuinamisha mgongo. Na wanaume wa nyumba hiyo wapewe zamu iliyoandikwa, kama zamu ya lindo. Kijana ahesabu hatua asubuhi, jirani asindikize uani jioni, na mtoto awe mshika saa.

Mgonjwa naye huweza kunyamaza, kulia bila sababu, au kukataa kuinuka. Hiyo si jeuri. Huzuni kubwa ni sehemu ya maradhi haya, na huja kwa sababu ubongo umeumia na kwa sababu mtu amepotewa na nafsi yake ya jana. Tabibu aelezwe, kwani ina matibabu. Apewe pia kazi: kuchambua maharage akiwa amesimama mezani, kulisha kuku uani, kumkagua mjukuu daftari. Busia yenyewe yaujua ukweli huo. Kwa miaka mingi wachukuzi wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakivusha mizigo mpakani hapo juu ya baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, nao wamelisha watoto kwa kazi hiyo. Mtu hapimwi kwa miguu yake. Na yule ambaye, baada ya mazoezi yote, hakuweza kutembea tena, hakushindwa wala hakuwaaibisha watu wake.

WAJIBU ULIO MBELE

Kinga ya kwanza imo mikononi mwa kila mtu. Kipimo cha presha ni cha dakika chache. Kila aliyetimiza miaka arobaini, na hasa askari aliyestaafu akaacha kukimbia alfajiri huku akiendelea kula kama yumo kambini, apimwe kila mwaka. Chumvi ipunguzwe, sigara iachwe, pombe isizidi, na aliyepewa dawa azimeze kila siku.

Lakini kwa nyumba ambayo kiharusi kimekwisha kuingia, kazi ya leo ni moja. Kiti kigumu kiegemezwe ukutani, mkanda ufungwe kiunoni, daftari lifunguliwe, na mgonjwa aitwe kwa jina lake la heshima aambiwe ainuke. Mara ya kwanza atatetemeka. Mara ya mia atasimama mguu sawa, au karibu na sawa, na hiyo karibu ndiyo itakayomfikisha mlangoni kumpokea mgeni wake mwenyewe.